Mama Pacha wa Fundi Mafuta

Walimwita Fundi Mafuta kwa sababu moja tu: kila aliyemletea cherehani kibovu aliulizwa, hata kabla salamu hazijaisha, "Mara ya mwisho ulikitia mafuta lini?" Kwa kutengeneza vyerehani hakuwa na mpinzani. Kwa kuandika, sijui nani alimdanganya. Au tuseme najua: ni mpwa wake, binti wa dada yake, aliyemfungulia blogu ya duka na kumfundisha kupandisha picha.

"Mjomba, usiwahubirie watu tu," binti alimwambia. "Mwisho wa makala waulize swali. Akijibu mmoja, wengine watafuata."

Basi akauliza. Cherehani chako kinakusumbua wapi? Unapenda sindano ya namba ngapi? Kimya kama maji ya mtungini. Makala saba, maoni sufuri, na kila Jumapili mpwa anapita kuuliza, "Vipi, wameanza kuandika?" Mtu mzima wa miaka hamsini na sita akawa anakimbilia chooni akisikia hodi.

Kwenye makala ya nane maoni yakaja. Yalitoka kwa mtu aliyejiita Mama Pacha: "Mume aliniacha na pacha wachanga. Fundi huyu alinifufulia cherehani cha marehemu mama yangu. Leo nashona sare za shule mbili na watoto wanakula. Dada zangu, msikate tamaa!"

Mpwa alipiga vigelegele. Fundi alitazama pembeni, maana Mama Pacha aliandikwa kwa vidole vyake mwenyewe, pale pale dukani, mchana kweupe, kati ya mteja mmoja na mwingine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa na urefu wa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na moja aliandika mtu wa kweli, wa kwanza tangu blogu ianze. Hakumwandikia fundi. "Mama Pacha, na mimi nimeachwa, nina wawili. Cherehani ninacho, kimekwama. Ulianzaje? Hiyo shule ya kwanza uliipataje? Nijibu dada, sina wa kumuuliza." Kesho yake: "Mama Pacha, upo?" Keshokutwa: "Jumamosi nakuja dukani, labda fundi atanielekeza kwako."

Angeweza kumjibu. Alifungua mara nne, akafunga mara nne. Angeweza pia kufuta yote, na nusura afute, ila aliona haya kumfuta yule mwanamke wa kweli pamoja na yule wa uongo.

Jumamosi akaja kweli, cherehani kichwani kimefungwa kwa shuka, jasho linamtiririka. Akakitua mezani.

"Shikamoo, fundi. Mimi ndiye ninayemtafuta Mama Pacha. Anakaa wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu afungue duka, fundi hakuuliza habari za mafuta.

"Marahaba, mwanangu," alisema, macho kwenye bisibisi. "Hayupo."

"Amehama?"

"Hajawahi kuwepo. Yale niliandika mimi. Nilitaka watu waanze kuchangia."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alingoja matusi, na aliyataka, maana matusi angalau yangempa la kujibu. Mwanamke hakutukana. Alikaa taratibu kwenye benchi la wateja, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Kwa hiyo hakuna aliyeweza," alisema.

Fundi alifungua fundo la shuka ili mikono ipate cha kufanya. Cherehani kilikuwa kikuukuu, mkanda umekatika, lakini kila tundu lilikuwa limetiwa mafuta, tone moja moja, na ziada imefutwa kwa kitambaa cha pamba, vile vile kama alivyoelekeza katika makala ya tatu, ile aliyoamini hakuna aliyeisoma.