Kichwa cha Kinanda cha Mzee Maganga

Enzi zetu sisi tuliokulia Ng'ambo, hapa Tabora, muziki haukuwa wa kubonyeza. Ulikuwa wa kukoroga kwa mkono, kama uji, na mkorogaji akizubaa, mwimbaji anasinzia katikati ya neno. Nikiwaambia hivyo vijana wa leo wananitazama kama mtu aliyefufuka. Wacha wanitazame. Wenzangu mliokwenda shule na matobolwa mfukoni, viazi vile vya kuchemsha na kukausha ambavyo ukianza kutafuna kipindi cha kwanza unameza cha mwisho, ninyi mnanielewa.

Baba yangu, Mzee Maganga, alikuwa kuli wa stesheni. Nalisema bila aibu, maana babu yake alibeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi Bagamoyo, na baba akabeba ya abiria wa treni. Kazi ni ile ile, safari tu ilifupishwa. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kwato. Mfanyabiashara mmoja alipohama mji, baba akamhamishia vyombo vyake vyote, na yule bwana kwa shukrani akamwachia kinanda cha santuri: sanduku la mbao, mkono wa kuzungushia, na pembe ya bati iliyofunuka kama ua la boga. Baba akakipandisha begani kutoka stesheni hadi nyumbani, akapita njia ndefu ya sokoni kwa makusudi ili watu waone. Kwa hiyo wanaosema Rama Maganga anajivuna, wajue majivuno haya sikuyaokota barabarani. Nimerithi.

Jumamosi jioni watoto wa mtaa mzima walijaa uani kwetu. Kuna harufu ya mlenda jikoni, kuna karanga zinakaangwa, na baba anakoroga. Sindano za chuma zilikuwa adimu, basi zilipokwisha tulitumwa porini kuchuma miiba ya mgunga. Baba aliikagua kama hakimu. Mwiba mbichi anautupa: "Huu utaimba kwa kigugumizi!" Pembe ilipotoboka kutu, mama aliziba kwa nta ya nyuki, na siku za jua kali nta ikilainika, mwimbaji anapata mafua. Lakini uwanja mzima ulinukia asali. Niambieni, simu ipi leo inanukia asali?

Sahani ya santuri aliyoipenda mama ilikuwa na ufa. Kila ikizunguka inasema tk, na mama akicheza alikuwa anateremsha mguu papo hapo kwenye ile tk. Alizoea hivyo hadi akiusikia wimbo ule ule kwenye redio ya jirani, anapoteza hatua.

Jirani mwenyewe alikuwa Bi Tatu, mke wa fundi wa reli, Mzaramo wa kuzaliwa. Nanyi mnajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara: babu zetu walifika pwani wamechoka, babu zao wakawapokea kwa chakula na matusi. Bi Tatu aliingia kwetu bila hodi, akafunua sufuria, akauliza, "Punda wameshalishwa?" Mama anamjibu, "Wameshiba, wanakungoja wewe uwapige mswaki." Hakuna aliyekasirika. Hao ndio marafiki waliopendana kuliko ndugu.

Baba alifariki nikiwa bado mdogo. Siku ya msiba Bi Tatu alivaa koti la marehemu, akajitwika sanduku begani, akapita katikati ya waombolezaji akitembea kama yeye, bega moja juu, moja chini. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Hiyo ndiyo haki ya mtani. Baada ya siku ile kinanda hakikulia tena. Kikafunikwa kitambaa, na Bi Tatu na mumewe wakahamishiwa Kaliua, kule reli ya Mpanda inapochepuka.

Mengine mnayajua, maana nani Tabora hanijui? Shule niliiaga mapema, sikuona tunachodaiana. Nilianza na ndoo ya maji ya kunywa stesheni, leo malori yangu yanabeba tumbaku ya Goweko na mpunga wa Ziba. Wenye shahada zao wananiamkia. Mama nimemjengea nyumba ya vigae, akakataa kuhamia. Nimemnunulia televisheni pana kama mlango, anaianikia khanga.

Mwaka huu sikio lake la kushoto lilizimika kabisa, na la kulia likaanza kufuata. Akaniita. "Rama, sijakuomba kitu mimi. Nataka kusikia kinanda cha baba yako kabla sikio hili halijafunga mlango."

Nikamwambia, "Mama, hilo tu? Wiki hii hii."

Basi bwana, tukakifunua. Springi imekatika, kitambaa cha kuwekea sahani kimeliwa na mende, na kichwa hakipo! Kichwa ni kile kidude cha mviringo, ukubwa wa kopo la kiwi, kinachoshika sindano na kutoa sauti. Bila hicho una sanduku la kuwekea nguo. Springi niliipata Mwanza kwenye kinanda kingine kilichokufa. Kitambaa nikakikata kwenye kofia yangu mwenyewe ya sherehe, ile ya ghali. Kichwa kikanitesa. Nilikwenda Kariakoo, wakaniuliza kama nataka cha gari. Mwanangu Shabani akaagiza Ulaya kwa simu yake, kikaja kinang'aa kama pete, shingo yake haiingii. Fundi akakipinda, akakibembeleza, mwisho kikaingia.

Mama akaelekeza sikio lake zima kwenye pembe. Akasikiliza kidogo.

"Huyu ni nani?"

"Ni yule yule, mama. Sahani ile ile."

"Si yeye. Huyu ni mbuzi kabanwa na mlango. Kichwa chenyewe kiko wapi?"

"Kilipotea."

"Kilipotea?" Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Kiko kwa Tatu! Alikinyakua siku ya msiba, akasema hakirudi mpaka aletewe jogoo. Baba zako wadogo walitaka kumpa, mimi nikawakataza. Siku zile sikutaka kukisikia."

"Mama! Nimefika hadi Kariakoo! Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unataka kipya. Wewe kitu gani cha zamani unakitaka, Rama? Hata mimi umenijengea nyumba mpya." Kisha akanigonga goti. "Na kitu kikiwa kwa mtani hakijapotea. Kinalindwa."

Kesho yake nikamkalisha jogoo mwekundu kiti cha nyuma cha gari langu, tukaenda Kaliua. Bi Tatu nilimkuta barazani kwake, amezeeka, amekuwa mjane, ulimi uko pale pale.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, punda wangu. Umenenepa! Siku hizi nani anakubebea wewe?"

"Nimeleta jogoo."

"Huyo ni wa msiba. Wa kuchelewa yuko wapi?"

Nikaingiza mkono mfukoni. Akaupiga ule mkono kwa upepeo. "Rudisha karatasi zako. Mimi nilichukua kichwa cha kinanda, sikuchukua cha benki." Akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kipande cha khanga, na ndani ya khanga, kichwa cha baba yangu kinameta. "Kila Idi nakifuta vumbi," akasema, sasa bila mzaha. "Namwambia Maganga, wanao bado hawajaja."

Kisha mzaha ukarudi, na masharti yake. Kichwa atakipeleka mwenyewe kwa treni. Mimi nimpokee stesheni kwa miguu, nibebe mzigo wake begani hadi Ng'ambo, kwa njia ya sokoni. "Na ukiutua chini kabla ya kufika, mimi na kichwa changu tunageuza kurudi Kaliua."

Alishuka na gunia limeshonwa mdomo. Nilipolipandisha begani nikaona nyota mchana.

"Bi Tatu, humu kuna nini? Mawe?"

"Mpagazi haulizi. Babu yako aliuliza?"

Yeye akatangulia na mwavuli, jogoo yule yule kwapani, anapaza sauti: "Pisheni! Msafara unatoka Kaliua! Punda huyu hauzwi, msiniulize bei!" Sokoni biashara ilisimama. Wauza nyanya wakapiga vigelegele. Mmoja akaniita, "Bosi Rama, malori yamekufa yote?" Shabani akanifuata polepole na gari, akashusha kioo. "Baba, weka humu mpaka pale kona, nani atajua?" Nikalipandisha gunia vizuri, nikaendelea. Vijana hawa wakipanda ngazi wanataka wasukumwe.

Lakini kusema kweli, nilipokaribia mwisho wa soko gunia lilinishinda. Mkono ulikuwa tayari unashusha. Nikamwona mama akilini, sikio limeelekea mlangoni. Halafu likanijia neno la baba alilotuambia tukibeba ndoo za maji: "Mzigo usipigane nao, tembea nao." Nikaacha kupigana. Bega moja juu, moja chini, nikatembea. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Huyu si Maganga huyu?" Nimeitwa bosi, nimeitwa mheshimiwa. Halijawahi kuniingia jina kama lile.

Gunia lilipofunguliwa uani, ndani mlikuwa na kinu cha mninga, zawadi kwa mama. Mama na Bi Tatu wakakumbatiana, wakatukanana, wakalia kidogo. Mimi nikafunga kichwa mahali pake. Sindano ya chuma ilikuwapo, lakini mama akataka mwiba. Wajukuu nikawatuma wakaniletea kijiti cha kuchokolea meno! Nikaenda mwenyewe porini.

Nikakoroga. Sahani ikaanza, nyembamba kwanza, kisha pembe ikafunguka, na sauti ikajaa uani kama zamani. Mama ameinamisha kichwa, hasogei. Nikaogopa sikio limeshafunga. Halafu tk, na mguu wake ukashuka papo hapo. Tk, ukashuka tena.

"Ni yeye," akasema. Akainuka akicheza, alipopita karibu akaweka kiganja kwenye bega langu lililovimba, akalibonyeza kama alivyokuwa akilibonyeza la baba akirudi kazini. Mimi nikaendelea kukoroga, maana mkorogaji halii.

Bi Tatu alikaa nasi siku kadhaa, jogoo akaliwa, vicheko havikuisha. Siku aliyoondoka nikaenda kukoroga tena, nikakuta shingo ya kinanda haina kichwa. Simu ikalia. "Punda wangu! Ninacho. Njoo na jogoo, safari hii mweupe!"

Nikamkimbilia mama. Mama ametulia anatwanga kisamvu. "Nilimfungia mwenyewe kwenye pindo la khanga," akasema. "Mimi nimeshasikia. Akikaa nacho atarudi, na wewe utapita tena sokoni kwa miguu."

Shabani ana nyimbo elfu kwenye simu yake, na simu ikiharibika ananunua nyingine, wala hana haja ya kumfuata mtu Kaliua. Namwonea huruma. Enzi zetu kitu kikiharibika ulizunguka kwa fundi, kwa jirani, porini, kwa mtani, ukirudi umesalimia nusu ya watu unaowajua na umetukanwa na nusu nyingine. Siku hizi nani atakayeiba kitu chako kwa mapenzi, akifute vumbi kila Idi, akikungoja?

Jogoo mweupe nimeshampata. Bega bado linauma. Limebaki na alama nyekundu ambayo kila asubuhi naipapasa, naomba iwe sugu.