Msumari wa Fundi Viatu

"Kama taya limeshaunga, vyuma vinatolewa vya nini tena?" jirani aliniuliza. Nikamweleza kwamba skrubu moja ilikuwa imelegea, na fizi ya shemeji yangu, fundi viatu aliyefungwa vyuma alipovunjika taya, ilikuwa haiachi kutoa usaha.

Shemeji mwenyewe hakuogopa kisu. Aliogopa maneno ya daktari, kwamba mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini unapita karibu na vyuma, na ukiguswa mdomo unaweza kufa ganzi moja kwa moja. Shemeji hubana misumari mdomoni akigonga soli, na ni mdomo unaomwambia ncha iko wapi. Ukifa ganzi, siku moja atameza msumari.

"Si uiweke misumari koponi?" nilimtania.

"Mkono huu una kiatu, huu una nyundo. Kopo nilishike kwa mguu, shemeji?"

Vyuma vilitolewa asubuhi. Daktari alisema ganzi ya sindano ingeisha baada ya masaa manne. Yakapita matano. Mimi nasali kimoyomoyo, yeye anajipapasa kidevu. Mwisho akatoa msumari mfukoni mwa shati, akanipa, akafumba macho.

"Shemeji, niwekee mdomoni, ila usiniambie ncha iko upande gani."