Diell na ditë zimenitoa jasho

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya baba yangu mzazi.

Utafiti wangu wa chuo unatafuta asili ya maneno mawili ya Kialbania: diell, yaani jua, na ditë, yaani siku. Nilikuwa nauwasilisha mtandaoni, nikiwa nyumbani Kwihara. Baba ni mkulima, hajawahi kuelewa Mnyamwezi kama mimi anatafuta nini Albania. Leo akavuta kiti, akakaa pembeni yangu.

Nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba maneno yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa kale, wenye maana ya kung'aa.

Mwalimu wangu wa chuo akanikatiza. "Ditë, sawa. Ila diell wengine wanaihusisha na mzizi wa rangi ya manjano. Umeuchunguza?"

Nikapekua karatasi zangu, mzizi huo haumo.

Kipindi kilipoisha nikafunga kompyuta. "Baba, bora nibadilishe mada."

"Huo mzizi wa manjano umeshauchunguza?"

"Bado."

"Sasa unaachaje kitu hujakichunguza? Fungua hiyo mashine."

Nimefungua. Siachi mpaka nijue diell imetoka wapi.

Nyie kwa lugha za kwenu, jua mnaliitaje?

Anayeuliza ni baba.