Kuipangia Bahari ya Wagiriki Saa

Mwaka ule nilikuwa na hasira hata na lifti. Nikishuka mikono mitupu inanishusha taratibu kama bibi harusi, nikirudi na kigari cha mtoto na mifuko ya sokoni imekufa. Tulikuwa tunakaa juu kabisa kwenye jengo moja la Ladywood, Birmingham: mimi, mume wangu, binti yetu aliyekuwa ameanza shule, mdogo wake ambaye hata kutambaa alikuwa hajaamua, na mama mkwe. Mama mkwe alikuja kunisaidia nilipojifungua mara ya kwanza. Alikuwa bado ananisaidia.

Mimi nimezaliwa pwani ya mashariki ya Unguja. Niliogelea kabla sijajua kufunga kanga vizuri. Nikaolewa, nikapandishwa ndege, nikaletwa mji ambao, ukitazama ramani ya Uingereza, utadhani mtu kaukimbiza mbali na bahari makusudi. Kulikuwa na bwawa la kuogelea, saa za wanawake peke yao, nikaenda mara moja. Maji yananuka dawa, plasta ya mtu inaelea mbele ya pua yangu. Sikurudi. Kwa hiyo tangu niwe mke wa mtu sikuwa nimeingia baharini, na nilikuwa mkali, na kila mtu nyumbani alifikiri ndivyo nilivyoumbwa.

Basi siku moja mume wangu akarudi kutoka kazini. Alikuwa anafanya kazi ghalani, mtaa wa Nechells. Akasema watafunga wiki nzima kiangazi, wabadilishe mashine, wote wachukue likizo.

"Twende nyumbani," nikamwambia.

"Kiangazi, kwa nauli zile? Sisi sote? Labda twende tukae kwenye mabawa ya ndege."

Akatoa brosha kwenye mfuko wa koti. Ugiriki. Wenzake wote wa ghalani walikuwa wameshakwenda Ugiriki, wanarudi wekundu kama kamba waliochemshwa, wamefurahi. Dada yangu nilipompigia simu kumwambia, alicheka mpaka nikahisi kadi ya simu inakwisha bure. "Mnatoka Ulaya mnakwenda Ulaya," akasema. "Mmepoteza nini huko?"

Nilikuwa nimeshaona picha. Kisiwa cha Krete, na kila ukurasa bahari, bluu mpaka nikahisi chumvi kwenye koo.

Sasa sikiliza masharti, maana bila masharti mume wangu hanywi hata maji. Hoteli ina bwawa, tutashinda hapo. Gari tutakodi siku moja tu, kwa sababu kule wanaendesha upande wa kulia na yeye hataki kufa. Siku hiyo moja tutakwenda ufukwe mmoja. "Chagua," akanitupia brosha, kama ananichagulisha pazia.

Ufukwe mmoja. Mimi na kiu yangu yote ile, siku moja.

Mama mkwe naye akaweka la kwake, hakupandisha hata sauti, alikuwa anachambua mchicha. "Kuogelea uogelee, sikukatazi. Lakini si mbele ya wanaume walio uchi. Pakiwa patupu, watoto nitakushikia. Pasipokuwa patupu, simshiki mtu."

Na bila yeye hakuna kuogelea. Mume wangu aliletwa Birmingham mdogo, bahari ameiona kwenye televisheni, na mtoto mchanga akijisaidia anamshika mbali kama bomu. Kwa hiyo nilihitaji ufukwe wenye maji ya kutosha mimi kuogelea, mchanga wa kutosha binti yangu asilie, na usio na watu, mwezi ambao Ulaya nzima inavua nguo.

Tulitandaza brosha juu ya zulia, tukaanza kugombana. Nilimwonyesha mama ufukwe wa kokoto. "Hapo tunakwenda kuogelea au kuanika mihogo?" Nikamwonyesha wenye mchanga mweusi. "Huo si mchanga, hayo makaa." Wa tatu ulikuwa na miavuli imepangwa safu kwa safu, na chini ya kila mwavuli mtu amelala chali kama amekufa. Wa nne ulikuwa na mgongo wa mwanamke, mgongo mtupu mpaka unapoishia mgongo. Mama akaigeuza brosha, akaikalia. Nikaenda kuchukua nyingine.

Ndipo nikaiona ile picha. Maji mepesi, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la wino, mbele yake fungu refu la mchanga, halafu maji tena, ya bluu kweli. Pahala kama pale ninapajua. Ni pwani yetu ile ile. Maji yakipwa hapo hayabaki hata ya kumwogeshea kuku.

"Mama," nikasema, "wazungu kwetu maji yakipwa wanafanya nini?"

"Wanalia. Wanarudi hotelini."

"Basi."

Akaniangalia. Miaka yote ile alikuwa ananiangalia kama mtu anavyoangalia sufuria iliyoungua. Siku ile aliniangalia kama mtu mwenye akili.

Maana mama mkwe alilima mwani. Miaka mingi, yeye na wanawake wenziwe, wanaingia baharini bamvua, maji yanapokwenda mbali kabisa, wanafunga mbegu kwenye kamba, wanatoka maji yakirudi. Huyo mtu saa ya ukutani haitazami. Mwezi uko ndani ya mifupa yake. Bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwetu siku hizo maji huwa nje kabisa kama saa nne asubuhi, jioni yamejaa mpaka kwenye mikoko. Mpango ukajipanga wenyewe. Twende saa nne, maji yako mbali, wazungu wamekimbilia mabwawa yao, pwani yetu peke yetu. Mtoto aokote makombe. Maji yakianza kurudi mimi niko ndani, naogelea nayo, mpaka wenyewe waje na taulo zao mimi nimeshamaliza, nimevaa, nakula embe.

Mama akahesabu kwa vidole, akatoka roshani kwenye ule upepo, akatazama juu ya majengo. "Wiki ya pili ya likizo za shule," akasema. "Mwezi mpevu, wa siku kumi na tano, utaangukia katikati. Mwambie mumeo."

Ghala lilikuwa linafungwa wiki ya kwanza. Mume wangu alikwenda kubadilishana na mwenzake mmoja aliyepangiwa kubaki kulinda mashine na kupumzika wiki ya pili, na hakumwambia mtu kwa nini, kwa sababu alisema akisema ni mwezi watamcheka mpaka astaafu.

Tukaenda Kings Heath kwa wakala wa safari, mimi, mama, binti yangu na kigari. Wakala alikuwa Singasinga mmoja wa Nakuru, mwenye Kiswahili cha nguvu na meza ndogo. Akatuonyesha ofa ya wiki iliyotangulia, hoteli ile ile.

"Hatutaki," mama akasema. "Hiyo wiki maji mafu."

"Maji nini?"

"Maji hayatoki wala hayaingii. Hayana maana."

Wakala akageuka kwangu. "Dada, ati anasema nini? Kule maji iko tu. Asubuhi iko, jioni iko. Beach ni beach."

Tulilipia wiki yetu, tukavumilia kicheko mpaka mlangoni. Tulipotoka nje mama akashika kigari kwa mikono miwili. "Mtu wa Nakuru," akasema, "atajua nini," na hakuweza kumaliza. Tulicheka barabarani katikati ya watu wanaotoka sokoni, binti yangu ananivuta koti, anauliza kwa Kiingereza tunacheka nini, mimi siwezi kusema. Tukanunua chipsi, tukala tumesimama kwenye baridi, tukachekelea tena. Sikuwa nimewahi kucheka na yule mwanamke. Iliniudhi kidogo, kusema kweli, nilikuwa nimezoea kumchukia.

Nguo ya kuogelea nilishona mwenyewe, suruali na gauni fupi la mikono mirefu, kwa kitambaa kile cha suti za michezo. Mama akataka kujua ikilowa itanishika mwili vipi. Nikaingia kwenye beseni la kuogea, nimesimama, nimevaa kila kitu, yeye ananimwagia maji kwa jagi. "Geuka," anasema. "Inama. Sasa kaa kama unakimbizwa na papa." Mume wangu akafungua mlango, akatutazama, akaufunga. Hajauliza mpaka leo.

Siku yenyewe ikafika. Krete, mbinguni hakuna hata wingu la kuazima. Mume wangu kashika usukani kama kashika nyoka, mama nyuma anasoma dua kila kona, na njia ile ilikuwa kona tupu, upande mmoja jabali, upande mwingine hakuna kitu. Mimi nilikuwa nimevaa nguo yangu ya kuogelea ndani tangu alfajiri. Jasho linanitiririka, naimba.

Tukafika saa nne kamili kama tulivyopanga. Tukapanda kilima kidogo cha mchanga, tukatazama.

Bahari imejaa. Watu wamejaa zaidi. Mafungu kwa mafungu, wazee, vijana, na nguo walizovaa wote wale ukizikusanya hazitoshi kutengeneza pazia la choo.

Mama akageuka papo hapo, akaipa bahari mgongo. "Yamechelewa," akasema.

"Yatatoka saa ngapi?" mume wangu akauliza.

"Yatatoka. Jana usiku mwezi umeuona? Mviringo kama sinia. Yatatoka."

Tukatandika mkeka pembeni. Nikachukua kijiti, nikakichomeka pale maji yalipoishia, ndivyo tunavyofanya. Nikakaa kukitazama. Tukala maandazi. Nikatazama. Mtoto akalala, akaamka, nikatazama. Binti yangu alikwenda kukikagua, akarudi na kusema kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba hakuna kilichosogea, labda imeharibika kama lifti yetu. Nikamkaripia. Mtoto alikuwa na haki.

Alipita kijana mwenyeji anayekodisha miavuli. Nikamwuliza, kwa Kiingereza, maji yanaondoka saa ngapi hapa.

Akanitazama kwa upole sana. "Yaondoke yaende wapi?"

Mume wangu akaanza kucheka. Alicheka akiwa amejiziba uso na kofia, mabega yanaruka, anasema wiki nzima nimebadilishana, nimembembeleza mtu, kwa sababu ya mwezi. Nilitaka kumzika pale pale. Saa zinakwenda, njia ya kurudi ni ile ya kona, ameshasema giza halitamkuta barabarani. Kesho gari halipo. Bahari iko hatua chache na mimi nimeivalia tangu alfajiri, na mtu wa kunishikia watoto amekaa ameipa mgongo, midomo imekaza.

"Mama," nikasema. "Hayapwi haya."

"Bahari haiwezi kutokupwa."

"Kijiti hicho hapo."

Akageuka kwa mara ya kwanza. Akakitazama kijiti kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akafunga kanga ya pili kiunoni juu ya dera, akamtia mjukuu mikononi mwa mwanawe. "Shika mtoto wako," akasema, "nataka kuiangalia hii kitu."

Akapita katikati ya watu walio uchi macho mbele, kama anapita katikati ya mbuzi. Akaingia majini. Nilijua anachofanya: anatafuta kwa miguu, mchanga wa chini, mvuto wa maji, kama mtu anayepapasa mshipa wa mgonjwa. Akasimama. Akaenda mbele. Akasimama tena. Maji magotini, maji kiunoni, akavuka lile fungu la mchanga la kwenye picha, na upande wa pili akapotea mpaka mabega. Nikasimama. Nilifikiri anazama, na nafsi yangu nitaiambia nini.

Hakuzama. Alilala chali. Dera lilijaa hewa kila upande likawa kama boya kubwa la maua, na mama mkwe wangu katikati yake, mikono wazi, anaelea Ugiriki.

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Nilimruka mzungu mmoja na gazeti lake. Nilipopiga mbizi upande ule wa kina, masikio yakaziba, chumvi ikaniingia puani, nikapiga kelele chini ya maji, na ile kelele ilikuwa ya furaha, ingawa ilikuwa na matusi ndani. Nikaogelea mpaka mikono ikawaka. Nikarudi nikaelea karibu naye.

"Kumbe unajua," nikamwambia.

"Nijue nini?"

"Kuogelea."

"Kwani mwani unalimwa juu ya mti?" Akafumba macho. "Ina baridi. Lakini tamu."

"Na wale wanaume?"

"Wako huko. Mimi natazama juu."

Binti yangu alikuja mpaka kwenye fungu la mchanga, mume wangu nyuma yake na mtoto amembeba sawasawa, kifuani, si mbali kama bomu, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumpa. Nikamvuta binti yangu kwenye maji. Akapiga mayowe, halafu akanikataza kumwachia, halafu akanikataza kumshika. Watu walikuwa wanatutazama, wanawake wawili wamevaa nguo nyingi kuliko pwani nzima ikijumlishwa. Mwanamke mmoja mtupu kabisa akatupungia mkono, na mama, macho juu, akampungia.

Mume wangu akaanza kupiga kelele za jua, za giza, za kona. Akarudi garini, akapiga honi. Tukamsikia vizuri sana.

"Mwambie tunakuja," nikasema, na hakuna aliyekwenda.

Tulitoka jua limeshageuka rangi. Njia nzima nilikaa mbele juu ya mfuko wa plastiki, nguo zinatona mpaka viatuni, namsomea mume wangu kona: kulia, kulia, polepole, unakwenda wapi wewe. Nyuma mama mkwe hakusoma dua hata moja. Alikuwa amelala mdomo wazi, chumvi imemkauka kwenye nyusi, kichwa cha binti yangu mapajani mwake.