Manda za Mama na Hariri ya Wajapani

Mimi nasomesha historia katika skuli moja ya kulipia hapa Maskati, na mwaka huu sura ya Japani iliniangukia mwezi wa Shaaban, wakati nyumba yetu ya Ghubra imejaa unga kuanzia jikoni mpaka kwenye rimoti ya televisheni. Aliyekulia nyumba ya Wazanzibari anajua Shaaban inakuwaje. Mama anatengeneza manda za sambusa, zile ngozi nyembamba za nje zinazokunjiwa nyama. Anasukuma vidonge, anavipaka mafuta, anavibandika kimoja juu ya chenzake, anasukuma tena mpaka vinakuwa vyembamba, anavipitisha kwenye chuma cha moto, halafu anazibandua manda moja moja huku vidole vinaungua na yeye anagomba kwa Kiarabu. Manda ya Mama ukiiweka juu ya gazeti unasoma habari zote. Mwenyewe hajui kusukuma nzito, hata umlipe.

Manda hizo zilikuwa za mama mdogo. Huyo ni mdogo wake Mama, tumbo moja, mjane, anakaa mtaa wa nyuma, na kwa sambusa hana mpinzani. Mkahawa mmoja wa Hamriya unachukua sinia zake kila jioni ya Ramadhani, na majumba kadhaa huagiza. Anachopata mwezi ule ndicho kinachomvusha mwaka mzima, kwa sababu ana watoto wazuri lakini hataki kabisa kuwanyooshea mkono. Tangu nipate akili zangu mpango ni huo huo: Mama anatoa manda, mama mdogo anatia nyama, na watu wanasema, "Jamani, sambusa za bibi yule!" Manda alikuwa akija kuzichukua bure, kama mtu anayechota maji ya mfereji.

Sasa sikilizeni vituko. Kule Hamriya anakaa msichana wa Kikenya aliyekuwa hapitwi na sambusa hizo kila Ramadhani. Yeye anafanya kazi kwenye mkahawa wa bibi mmoja wa Kizungu, Qurum. Shaaban hii wakakutana njiani, akamuuliza mama mdogo, "Mama, hii ngozi ya nje unatoa wapi? Ni laini sana." Na mama mdogo, kwa roho yake nyeupe, akamshika mkono akamleta kwetu. Mwenyewe kamleta! Msichana akanunua manda chache, akampelekea bosi wake, na bosi akazijaza jibini na tende, akazioka, wateja wake wakapagawa.

Kesho yake asubuhi msichana huyo mlangoni.

"Habari ya asubuhi, mama. Madam amezipenda vibaya sana. Anasema anataka zote."

"Zote zipi?" Mama akauliza.

"Zote zenye ziko."

Mama alicheka mpaka akakalia gunia la unga. Halafu msichana akataja bei, na Mama akaacha kucheka. Akaangalia huku na huku kama kuna mtu kasikia, akanivuta kwenye friji akaninong'oneza, "Huyu Mzungu mzima kweli?" Dakika ile ile alikuwa keshaanza kumfungashia.

Na mimi skulini ndiyo kwanza nimefika pale pale kwenye sura ya Japani! Wajapani walijifungia zaidi ya miaka mia mbili, biashara ya nchi za Magharibi ikipitia tundu dogo tu la Nagasaki, Wadachi peke yao. Zikaja manuwari za Marekani, bandari zikafunguliwa kwa kulazimishwa, na Ulaya wakati huo wadudu wa hariri walikuwa wanakufa kwa maradhi. Basi wafanyabiashara waliteremka Yokohama wakanunua nyuzi za hariri utadhani zinagaiwa. Bei ikaruka. Nyuzi zilizokuwa zikenda Kyoto kwa wafumaji zikageuza njia zikenda bandarini, na wafumaji wakabaki wanautazama mtambo wao wa kufumia. Mchele ukapanda, chai ikapanda, na nyuzi rahisi za pamba za viwanda vya Ulaya zikaingia zikawatoa kazini wanawake waliokuwa wakisokota nyuzi majumbani. Nilikuwa naeleza haya nacheka peke yangu ubaoni. Wanafunzi wakaniuliza wafumaji wanachekesha nini. Nikawaambia waandike tu.

Jioni ile ile nikarudi nyumbani nikamkuta mfumaji wa Kyoto amesimama katikati ya jiko letu na sinia tupu.

"Dada, manda zangu ziko wapi?"

"Zimekwenda Qurum."

"Qurum kuna nani?"

"Kuna Mzungu."

"Mzungu ana Ramadhani?"

Nilikimbilia chooni kucheka. Mama akamwambia ntakuwekea kesho, wallahi ntakuwekea. Kesho ikaja, na msichana akaja na gari kabla mama mdogo hajamaliza kufunga buibui. Keshokutwa vile vile. Mama alikuwa anaimba sasa, anasukuma na kuimba, na alijinunulia miwani mpya yenye vijiwe pembeni. Sijapata kumuona na furaha ya namna ile tangu nizaliwe, na furaha yenyewe inaambukiza. Sote tulikuwa tunapita nyumbani tunacheka bila sababu.

Isipokuwa mama mdogo. Alikwenda dukani akanunua manda za kiwandani, zile za barafu. Zikapasuka kwenye mafuta, nyama ikatoka ikaogelea peke yake. Alipopeleka sinia ya kuonjesha Hamriya, mwenye mkahawa akatafuna, akamuuliza kwa adabu, "Khala, mwaka huu umechoka?" Mama mdogo alikuja akakaa kwenye kochi letu akalia kwa kwikwi.

"Nikiingia mwezi hivi nimekwisha," akasema. "Mteja akishaonja kwa mwengine harudi. Na mimi nna mwezi mmoja tu."

Hapo akaingia kaka yangu mkubwa. Kaka ni mtu wa wizara, na kwa kutoa maamuzi hajambo. Aliagiza kahawa, akatuketisha majlis, chumba cha wageni, akatamka: kuanzia kesho manda zote zipite kwanza mikononi mwa mama mdogo, achukue zinazomtosha, zitakazobaki ndiyo ziende kwa Mzungu. Mama akaitikia kwa kichwa, mnyenyekevu, macho chini.

Nikamwambia, "Kaka, serikali ya Japani nayo ilitoa amri kama hiyo. Hariri ipite kwanza mji wa serikali, wenyewe wapate, ndiyo iende bandarini."

"Ikawaje?"

"Watu wakaipitisha magendo."

"Mama si mtu wa magendo," akasema, akaomba tende nyengine.

Siku ya pili yake kaka kakaa majlis anasimamia amri, mama mdogo kakaa ubavuni pake anasubiri haki yake, na mimi nikasikia mlango wa uani. Nikachungulia. Msichana wa Kikenya alikuwa anatoka na kapu la nguo chafu kichwani, juu limefunikwa shuka, na lile kapu linafuka moshi. Nguo chafu zinafuka moshi, jamani! Akaniona, akasimama, akatabasamu.

"Ni laundry," akasema.

Nilishindwa kujizuia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kaka akaja mbio, kapu likafunuliwa, na amri ya serikali ikafia pale pale uani. Mama mdogo alitazama zile manda zinazopumua mvuke kwenye kapu. Akenda akakaa chumba cha pembeni.

Basi nikaona hapa ndipo elimu yangu itafaa. Nikamfuata Mama jikoni, nikamsimulia wafumaji wa Kyoto, nikatia na chumvi kidogo: mitambo kimya, watoto hawana chakula, mafundi wa baba na babu wanauza vyombo vya nyumba. Nilitaka aone haya. Mama alikuwa anasukuma, unga mpaka viwiko, akanisikiliza vizuri kabisa.

"Na wale waliokuwa wakifuga wadudu?" akauliza.

"Wakulima?"

"Hao hao. Kabla Mzungu hajaja walikuwa wanapata nini?"

"Kidogo sana."

"Na alipokuja?"

"Walipata, Mama. Wengine walijenga nyumba."

"Kitabu chako kinasema nini juu yao?"

Nikafikiri. "Mstari mmoja."

"Basi ongeza wa pili." Akaweka kisukumio chini. Na sauti ikambadilika, ikawa ndogo. "Mimi vidole hivi vimeungua mpaka havisikii moto. Miaka yote watu wanakula, wananisifia mdogo wangu mbele ya macho yangu, na mimi nasema alhamdulillahi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ile ya nje kaifanya nani. Wewe umeuliza? Yule mtoto wa Kikenya siku ya kwanza kaishika moja kaiangalia kwenye taa, kaniuliza, 'Mama, hii ni mkono wako?' Nusra nilie. Sasa mnaniambia Japani!"

Nilikuwa sina pa kuangalia. Nikaangalia mlangoni, na mlangoni kasimama mama mdogo. Alikuwa kasikia yote. Akachukua buibui lake akatoka bila ya kuaga, na ndugu hawa hawajapata kuachana bila ya kuagana hata siku moja. Mama akachukua kisukumio akasukuma kidonge kimoja mpaka kikatoboka. Na mwezi ulikuwa unakaribia kuandama.

Asubuhi tukasikia hodi. Mlango wa mbele. Mama mdogo hapigi hodi nyumba hii, yeye hupitia uani akiita kutoka njiani. Lakini leo alikuwa amesimama kibarazani kavaa buibui lake la harusini, kajifukiza udi, mkoba kwapani. Nyuma yake msichana wa Kikenya na kapu lake, amekuja kwa zamu yake ya kawaida, hajui asimame wapi.

"Nimesikia hapa panauzwa manda," mama mdogo akasema.

Mama alikuwa na kanga ya kupikia na unga puani. Akajifuta haraka haraka. "Panauzwa."

"Nnaomba nione mali."

Jamani, Mama akaitoa mali! Akatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya wageni, akaja na bunda lote la asubuhi, akalifunua. Mama mdogo akakaa kwenye kiti, yeye ambaye kwetu hukaa chini kwenye busati na kunyoosha miguu. Akavaa miwani. Akaishika manda ya juu kwa ncha za vidole, akaiinua kwenye dirisha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Bei gani?"

"Bei ya Mzungu."

"Astaghfirullah!"

"Ndiyo bei yake."

Mama mdogo akaikunja ile manda, kavu, haina nyama, haina kitu, akaitia mdomoni. Akatafuna taratibu. Sote tukamtazama anavyotafuna, hata msichana wa Kikenya kaweka kapu chini.

"Tamu," akasema. Akameza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Wallahi, dada, zote hizo nilizokunja mimi, sijapata kuila moja peke yake."

Mama akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanacheza, na sisi hatujui kama analia au anacheka mpaka tukamsikia anafanya yote mawili. Mama mdogo akafungua mkoba.

"Haya," akasema huku anapenga kamasi, "sasa punguza."

"Hata baisa moja sipunguzi," Mama akajibu kutoka ndani ya kanga, na akaanza kumfungia bunda lote.