Kidole cha Bi Tomie

Mimi ni fundi wa mikeka, na hasira zangu mji mzima wa Kanayagi unazijua. Mke wangu husema nikigombana na ukuta, ukuta ndio unaoomba radhi. Sasa sikilizeni jinsi mwanamke mmoja wa kituo cha mafuta alivyonikomesha mbele za watu. Sioni haya kusimulia. Najivunia kumfahamu.

Bi Tomie Shiozaki anafanya kazi kwenye kituo cha Bwana Negishi, pale barabara inapoanza kupanda mlima. Wakati wa habari hii alikuwa ametimiza miaka thelathini na moja hapo. Ni mfupi, ana kofia nyekundu iliyopauka, na glavu nyeupe anazofua mwenyewe kila siku. Baba yake alikuwa mtu wa ishara za reli, na kwake ndiko alikorithi ile desturi ya watu wa treni: hugusi kitu kabla hujakinyooshea kidole na kukitaja kwa sauti. Gari likiingia, Bi Tomie ananyoosha kidole kwenye mfuniko wa tangi: "Turbo!" yaani injini ya nguvu. Ananyoosha kwenye pampu: "Njano!" Kisha anamgeukia dereva, naye sharti ajibu, "Njano, sawa!" Usipojibu hupati hata tone.

Njano ni petroli ya okteni ya juu, ya injini kama hizo, nyekundu ni ya kawaida. Gari la kwenda sokoni litakunywa nyekundu na kushukuru. Lakini magari yetu sisi tunaopanda mlima kwa kasi kila Jumapili, ukiyapa nyekundu unayatafutia ugonjwa. Bi Tomie alikuwa hajakosea hata mara moja. Hakuwa na mali, mumewe alishafariki, watoto wako mbali, wala hakuringia kitu kingine chochote duniani. Ila ukimuuliza habari za kazi, kidevu kilipanda juu: "Sijawahi kukosea pampu."

Na sisi tulimcheka. Mimi ndiye niliyeongoza. Nilikuwa nimejifunza kuiga ile sauti yake nyembamba ya puani, hata mwenyewe nikawa najisifu.

Jumapili moja ya mwezi wa tano nilifika asubuhi, magari kama kumi yamepanga foleni. Bi Tomie akanyoosha kidole, turbo, njano, akanigeukia. Nikatoa kichwa dirishani, nikabana pua: "Njaaano, saaawa, mama weee!" Watu wakavunjika mbavu. Hata Negishi, bosi wake, aliyekuwa na simu sikioni, alicheka. Bi Tomie hakucheka wala hakununa. Alijaza, akafuta kioo, akasimamisha magari ya barabarani ili nipite, akainama kwa heshima mpaka nikatoweka.

Kwenye kona ya tatu nikasikia injini inagonga. Ta-ta-ta-ta, kama vijiwe ndani ya kopo. Gari langu nalijua. Ni jeupe, nimelinunua nikiwa kijana, injini nimeifungua na kuifunga kwa mikono hii. Likigonga vile linaniambia kitu kimoja tu: petroli hii siyo. Nikikanyaga linazidi kugonga na nguvu zinakwisha. Basi dogo la vikongwe waliokuwa wakienda kuoga kwenye chemchemi ya maji moto likanipita, na mmoja akanipungia mkono. Lo! Damu ilinichemka.

Nikageuza. Nilipofika kituoni sikuzima hata gari.

"Wewe mama! Umenitilia nyekundu!"

"Nimekutilia njano, Bwana Kuwabara," akajibu Bi Tomie.

"Njano gani inayogonga hivi? Mikono imezeeka hiyo! Kaa nyumbani ulee paka!"

Ndiyo, nilisema hivyo. Watu walishuka kwenye magari yao. Negishi akaja mbio huku anainama, maana yeye huinama kwanza na kuuliza baadaye.

"Samahani sana, Bwana Kuwabara, samahani sana. Bi Tomie, inama uombe radhi, tuyamalize."

"Siinami."

"Mteja huyo, mama! Ukiinama unapungukiwa nini?"

"Miaka thelathini na moja." Akavua kofia, akaishika kifuani. "Kama mkono wangu umekosea, bosi, nitainama mpaka chini, na kofia hii naiacha hapa hapa, sirudi tena. Lakini kwanza ijulikane."

Kisha akanigeukia mimi.

"Bwana Kuwabara, nilinyoosha kidole kwenye pampu gani?"

"Nitajuaje!"

"Ulijibu nini?"

Daktari wa meno, Bwana Isobe, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake, akadakia: "Si ulijibu njano, ndugu yangu? Tena kwa madoido! Tumekusikia wote hapa."

"Mpaka mimi niliyekuwa chooni nilikusikia," akasema mwingine.

Jamani! Kejeli yangu mwenyewe ndiyo ikawa shahidi wake.

"Nilijibu njano," nikanong'ona.

"Sijasikia," akasema Bi Tomie.

"Njano! Njano, sawa!"

Akatikisa kichwa kukubali. "Basi pampu ilikuwa njano. Na injini yako inagonga kweli, nimeisikia ukiingia." Akaangalia sakafu ya zege miguuni mwake, pale kwenye vifuniko vya matangi yaliyo ardhini. "Bosi, lori la mafuta limekuja asubuhi kabla sijafika. Nani amelipokea?"

"Mimi," akasema Negishi.

"Ulinyoosha kidole kwenye vifuniko?"

"Nilikuwa na simu, Bi Tomie..."

Hakumngoja amalize. Aliingia ofisini kutazama vipimo vya matangi, sisi tukajazana mlangoni. Tangi la nyekundu, lililotakiwa kuwa limejaa, lilikuwa karibu kukauka. La njano lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Dereva wa lori alikuwa ameunga mpira kwenye mdomo usiohusika, nyekundu ikaingia kwenye tangi la njano, na Negishi alikuwa anaongea na simu. Mkono wa Bi Tomie ulikuwa safi kabisa.

Negishi akamvuta pembeni, lakini mimi masikio ninayo. "Bi Tomie, tufunge pampu kimyakimya. Hao wengine waliokwisha kujaza watadhani ni joto tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema. Tena kwa sauti, wote tukasikia.

Akaitundika ile kofia yake kwenye mkono wa pampu ya njano, kuonyesha imefungwa. Akafumba macho, akahesabu kwa vidole: tangu lori lije, magari matano yamejazwa njano, langu likiwemo. Akawapigia simu watu wa mgahawa wa tambi kule kileleni, tunakopumzikia. "Gari la fedha la mwalimu Hirose, jeusi la wale mapacha, na la kijani lenye ufa kwenye taa. Wapo? Waambie wanywe chai kwanza, halafu washuke polepole, wasikanyage. Ndiyo, ni sisi tuliokosea. Ndiyo, sema hivyo hivyo." La tano lilikuwa la mgeni, bluu, asiyejulikana na mtu. Bi Tomie akaenda kusimama ukingoni mwa barabara na kitambaa chekundu, kichwa wazi juani, zaidi ya saa nzima, mpaka lile gari la bluu likateremka na kusimama.

Ndipo akarudi, akasimama mbele yetu, akainama sana.

"Bi Tomie!" nikaropoka. "Kosa si lako! Umeshalithibitisha mwenyewe!"

"Mkono haukukosea," akasema akiwa bado ameinama. "Lakini mafuta mmeyapokea mkononi mwangu."

Aibu iliyonivaa siwezi kuieleza. Niliinama chini kuliko yeye, mgongo wangu wa kushona mikeka ukalia ko! "Nilikutolea maneno ya hovyo, mama yangu. Nisamehe."

"Ulisema nikalee paka," akasema. "Sina paka."

Kituo kizima kikacheka, na yeye akacheka, mara ya kwanza kumsikia. Negishi akaichukua kofia kwenye pampu, akaipangusa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Lori lilipokuja tena Alhamisi niliacha kazi nikaenda kutazama. Negishi alikuwa amesimama juu ya vifuniko, kidole kimenyooka, anasema kwa sauti ya chini kwa kuwa tunamwangalia. "Nyekundu, sawa."

"Sijasikia, bosi," akasema Bi Tomie. Negishi akapiga kelele iliyofika mlimani.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Mwezi uliopita alikuja kijana wa mjini na gari jipya la mbio. Bi Tomie akanyoosha kidole kwenye pampu, kijana akabana pua akamwigiza, "Njaaano, saaawa!", wenziwe wakacheka. Nikashuka kwenye gari langu nimeshakunja mikono ya shati.

"We mtoto! Jibu vizuri!"

"Mwache, Bwana Kuwabara," akasema Bi Tomie huku anachukua pampu ya njano. "Mradi wote tumemsikia."