Jumapili Tulipomtazama Shemeji Akistaafu

Harufu ya dawa ya kuchua hupanda puani kabla hujajua imetoka wapi. Juzi, kiwandani Tonawanda, karibu na Buffalo ninakoishi sasa, mwenzangu alijipaka shingoni wakati wa mapumziko, nami ghafla nikawa Louisville, katika nyumba yetu ya kupanga mtaa wa Iroquois, nina miaka kumi na mmoja, vidole vyangu vikiteleza kwenye bega la baba.

Baba alikuwa akishusha maboksi ghalani. Jumapili baada ya ibada aliketi kwenye zulia, mimi nikimchua, mama akisonga ugali, sote tukitazama diski ileile. Tulipewa hiyo, pamoja na deki na sofa, na mzee mmoja wa kanisani aliyezaliwa Australia. Ilisimulia maisha ya mchezaji wa raga wa kwao, tangu alipovaa jezi ya taifa mara ya kwanza hadi alipovunja rekodi ya kufunga. Kwa kuwa alitembea kwa kuyumba kama mjomba wangu, baba alimwita Shemeji.

“Angalia Shemeji anavyokimbia!”

“Kaka yangu hakimbiake vile,” mama alijibu kutoka jikoni, “hata nyuki zimufukuze.”

Kama hujawahi kuona raga, usihofu, si ngumu. Unakimbia mbele na mpira, lakini ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono, lazima umrushie aliye nyuma yako. Baba alijifunza raga kwa macho tu, na kwa miezi kadhaa aliamini ndiyo mpira ambao Wamarekani wa kazini kwake waliuzungumzia kila Jumatatu. Akawaeleza kanuni ya kurusha nyuma, kumbe katika mpira wao hurusha mbele. Walicheka hadi msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Alirudi nyumbani akajitupa kwenye sofa: “Donc, kumbe tulikuwa tunasoma Biblia ya kanisa ya wengine!” Hatukuiacha diski.

Maneno ya Kiingereza niliyatafsiri mimi. Kwetu sisi tuliotoka Kivu, mtoto wa kwanza aliyeanza shule huku ndiye mdomo wa nyumba: barua, simu, hospitali, hata mahubiri. Nami nilimpenda Shemeji. Aliangushwa, akafungwa bendeji, akarudi uwanjani. Kila aliporudi nilitazama bega la baba na kuamini nalo litarudi.

Diski ilikuwa na sehemu ya mwisho ambayo hatukuwahi kuifikia; baba alisinzia kila mara kabla. Jumapili moja hakusinzia. Bega lilikuwa limevimba, na kesho yake tulikuwa na miadi ya daktari, ambaye angeamua kama baba arudi ghalani au apumzike. Kwenye televisheni Shemeji aliketi mbele ya kipaza sauti. Alisema mwili wake umechoka, kwamba ameamua kuacha; kisha wakamwonyesha uwanjani, peke yake.

“Anasema nini, mama?” Baba aliniita mama, kama wababa wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Nilitazama bega lake lililovimba. Nikasema: “Anasema atapumzika kidogo. Atarudi.”

Baba alinitazama, akaitazama tena televisheni. “Bon, sawa,” akasema polepole. “Kama Shemeji anarudi.”

Asubuhi yake daktari aliuliza kama bega bado linauma. “Muambie hailume,” baba alisema. Nikamwambia.

Alirudi ghalani. Tulipohamia Columbus alipata ghala jingine, na huko bega likakataa kabisa. Mpaka leo hawezi kuvaa koti bila kusaidiwa. Kwa miaka mingi nililibeba jambo hilo kimya. Nilikuwa nimemdanganya baba yangu, naye akaumia.

Mwaka huu, hapa Buffalo, nilipokuwa nikimvalisha koti, nikakiri. Nilikuwa nimechoka kutoka zamu, na uchovu hulegeza ulimi. Hakushtuka.

“Nilijua,” alisema.

“Ulijua Kiingereza?”

“Kiingereza gani? Nilimuona Shemeji akivua viatu, anaviacha pale kwenye majani, anaenda na soksi. Mutu wa kurudi haachake viatu.”

“Basi mbona ulirudi kazini, baba?”

Alipeleka mkono wake mzima kwenye koti, akatafuta zipu. “Uliona namna ulikuwa unaniangalia?”

Nilimfunga zipu hadi kidevuni. Msomaji wangu, kama nawe uliwahi kuwa mdomo wa nyumba yenu, nakuambia kwa upole nililochelewa kulielewa. Miaka yote hiyo nilidhani nilimdanganya baba. Kumbe nilimwomba arudi kama Shemeji, naye akanikubalia.